Mfuko Wenye Baba Wanne

Benchi letu ni ubao mmoja mnene ambao seremala aliukataa kwa sababu una tundu katikati, ukalazwa juu ya matofali mbele ya ukuta wenye milango mitatu iliyobanana: kinyozi, fundi cherehani na mashine ya kusaga. Anayechelewa ndiye anayekalia tundu. Mimi sijawahi. Naitwa Gia Tano, nasukuma mkokoteni, na vumbi la mbao linalozungumziwa hapa nililileta mimi, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusimulia kisa hiki kunizidi. Shule tuliachana mapema, kwa wema tu, kila mmoja akamtakia mwenzake heri. Wenzangu wa benchi ni watatu. Mzee Birika ndiye mwenye kahawa na ndiye mwenye umri. Wapita njia anawamiminia kwa tabasamu, sisi anatumiminia kwa manung'uniko. Wembe ni kinyozi. Ukikalia kiti chake unatoka na nywele chache na habari nyingi. Unga ndiye wa mashine ya kusaga, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na tangu tumfahamu hakuna aliyewahi kuthibitisha rangi yake.

Asubuhi hiyo mlango wa katikati ulifunguka. Dada Sindano, ambaye ndiye fundi cherehani wetu, akatoka na mfuko mmoja wa nailoni uliojazwa vumbi la mbao, akautundika kwenye msumari anapotundika magauni yaliyokwisha. Mfuko ulikuwa umetoa uyoga pande tatu, vishada juu ya vishada, vyeupe, vipana kama masikio ya ndama. Birika akasahau kikombe alichokuwa anakijaza, kahawa ikamwagika kwenye kiatu changu. Siku kama hiyo hata kiatu kinasamehe.

DADA SINDANO: Haya, wanaume. Huu ni wa nani?

Tulijibu "Wangu" sote wanne kwa mkupuo mmoja. Kuna kwaya zinafanya mazoezi mwaka mzima hazipatani hivyo.

DADA SINDANO: Nilijua tu. Sasa nisikilizeni, sina muda wa mchezo. Vumbi jipya nimeshaliloanisha, liko kwenye beseni huko nyuma. Lisipofungwa leo litachacha. Maji ya kwenye pipa yanakaribia kuchemka. Nataka kujua kitu kimoja: huu mfuko mliurutubisha kwa kitu gani? Nataka kitu hichohicho nikiweke kwenye mifuko mipya yote.

UNGA: Pumba, dada. Nini tena?

WEMBE: Kweli, na hapo ndipo umeanza kuzitoa.

DADA SINDANO: Wembe, leo usinicheke. Wifi yangu anapita leo. Kaka amemtuma aje kuangalia chumba. Mnajua nyumba ni ya kaka, na mnajua chumba kile anakitaka aweke mashine yake ya kufyatulia matofali. Amesema hivi: kama dada yangu anajua anachokifanya, abaki na chumba. Kama anabahatisha, ampishe mwenye kazi. Sasa wifi akinyoosha kidole akasema, huu ulioota vizuri umelishwa nini, nikimjibu "sijui" nimekwisha. Zungumzeni. Nikirudi nataka jibu moja.

Akaingia kuchochea moto.

Nieleze kidogo, maana msomaji hukuwepo. Nyuma ya duka la Dada Sindano kuna chumba kisicho na dirisha la maana, chenye unyevu, ambacho ukiacha gauni humo wiki moja linatoka na harufu ya bibi harusi aliyesahaulika. Dada akaona chumba kinachoharibu nguo ndicho kitakachootesha uyoga. Aliyemuuzia mbegu alimwambia uyoga utaota kwenye vumbi la mbao, ila vumbi peke yake ni chakula cha mgonjwa: unakula, hunenepi. Aongeze kitu cha kurutubisha, kinachopatikana hapohapo mtaani, kidogo tu, ajaribu mwenyewe aone kipi kinafaa. Akatuita sisi wanne tumsaidie kujaza mifuko. Tulijaza kumi. Tuliifunga kwa vipande vya kitambaa cha bluu vilivyobaki kwenye sare za wanafunzi, ikapikwa kwa mvuke kwenye pipa, ikapoa, ikatiwa mbegu, ikapangwa gizani. Maelekezo alitoa mengi. Tuliyasikiliza vile mtu anavyosikiliza maelekezo ya njia anayodhani anaijua.

BIRIKA: Tuongee kiutu uzima. Unga, wewe uliweka nini?

UNGA: Pumba za mpunga. Ndizo dada alizoniagiza. Mkono mmoja kila mfuko.

WEMBE: Mkono wako au mkono wa mtu?

UNGA: Mkono wangu una nini?

WEMBE: Mkono wako ni koleo, Unga. Ukimpungia mtu anahisi upepo.

UNGA: Basi umepata chakula cha kutosha. Angalia ulivyonawiri. Kitu kinachokula pumba kinajulikana. Halafu utazame rangi.

MIMI: Rangi imefanya nini?

UNGA: Mweupe. Kuanzia juu mpaka chini. Kwenye benchi hili unafanana na nani?

Tukamtazama. Kusema haki, kufanana kulikuwepo. Kama mfuko ule ungepelekwa mbele ya wazee wa familia, Unga angeondoka nao.

BIRIKA: Sura si hoja. Mimi nina kaka yangu tumefanana kama vikombe, na hajawahi kufanya jambo la maana. Huo mfuko ni wa kahawa.

UNGA: Ulitia kahawa?

BIRIKA: Machicha. Yale yanayobaki chini ya birika. Nilisema kila siku nayamwaga mtaroni, na mtaro wenyewe hauna shukrani. Nikayakausha, nikatia viganja viwili.

MIMI: Dada alikuagiza?

BIRIKA: Mtu wa umri wangu haagizwi. Anakumbuka mwenyewe. Fikirini: uyoga unakua usiku. Usiku viumbe vingi vinalala. Sasa uyoga uliokunywa kahawa utalala?

WEMBE: Kwa hiyo umekesha?

BIRIKA: Umekesha ukifanya kazi. Ile mingine imeoza kwa usingizi. Mimi asubuhi nikipita nyuma ya ukuta huu nasikia kabisa kitu kinahangaika mle ndani.

UNGA: Panya.

BIRIKA: Panya hahangaiki kwa utaratibu ule.

Wembe alikuwa amenyamaza, na Wembe akinyamaza ujue anapanga maneno kama anavyopanga vichana vyake. Akasimama, akaenda kuuzunguka mfuko polepole, akauinamia, akaligusa fundo la kitambaa.

WEMBE: Waheshimiwa. Tusibishane bila ushahidi. Tazameni hili fundo. Limezungushwa mara mbili, likapitishwa chini, mkia ukaachwa kushoto. Mimi ndivyo ninavyofunga shuka la mteja shingoni. Miaka yote. Hakuna mwingine hapa anayefunga hivi. Gia Tano anafunga kama mtu anayekimbizwa. Unga anafunga gunia. Mzee anafunga kama anaficha kitu. Hili ni langu. Na aliyefunga ndiye aliyejaza, na aliyejaza ndiye aliyerutubisha.

Hoja ilisimama. Hata Unga alijikuna kichwa, likadondoka wingu dogo. Ndipo Dada Sindano akachungulia dirishani.

DADA SINDANO: Wembe, mafundo yote kumi niliyafungua mimi siku ya kutia mbegu, nikayafunga upya kwa mkono wangu.

Akarudi ndani. Wembe akaliachia fundo taratibu, kama mtu aliyeshika mkono wa mke wa mtu gizani.

MIMI: Endelea na ushahidi, wakili.

WEMBE: Ushahidi wa kwanza ulikuwa wa kupasha moto. Nendeni kwenye kirutubisho. Mimi niliweka nywele.

UNGA: Uliweka nini?

WEMBE: Nywele. Mnashangaa nini? Nywele ni nini? Ni kitu kinachoota. Kinaota bila kumwagiliwa, bila jembe, mwenyewe yuko usingizini. Nguvu ya kuota imo ndani. Na sikuweka za mtu yeyote tu. Nina mteja mmoja, nikimnyoa Jumatatu, Ijumaa kichwa kimerudi kama hakijaguswa. Nikasema hiki si kichwa, hili ni shamba. Nikazikusanya zake peke yake.

UNGA: Umeweka nywele za mtu kwenye chakula cha watu!

WEMBE: Zimepikwa kwa mvuke, Unga. Zimetakata kuliko wewe.

BIRIKA: Na huo uyoga ukiliwa, mtu si ataota nywele tumboni?

WEMBE: Mzee, wewe umekunywa kahawa yako mwenyewe miaka yote hii na hujaota birika.

Zamu yangu ilikuwa imefika, na mimi sipendi kuongea mapema. Bondia mkubwa haingii ulingoni wa kwanza.

MIMI: Mmemaliza? Sasa niwape habari. Nyie wote mmeupa chakula. Chakula kila mtu anacho. Mimi niliupa mwendo. Kile kinywaji cha kopo, cha kuongeza nguvu, ninachokunywa kabla ya kupandisha mlima na mzigo. Niliutilia hicho.

UNGA: Kopo zima?

MIMI: Nusu. Nusu nilikunywa mimi mbele yake, uone kinavyofanya kazi.

WEMBE: Mbele ya mfuko?

MIMI: Na jionee mwenyewe. Mifuko mingine inatoa uyoga kuelekea ukutani. Huu umetoa kuelekea barabarani. Unataka safari. Mnajua nani hapa mwenye safari.

UNGA: Dada ndiye aliyeugeuza alipoutundika.

MIMI: Nami nimejiuliza, kwa nini aliugeuza upande huo?

Unga akautazama mfuko upya. Kuna hoja zikitolewa watu wanahitaji muda.

Ni wakati huo alipopita mama mmoja wa makamo, kitenge kimekaa sawasawa, pochi kwapani, akasimama kusoma kibao cha juu ya mlango wa kati.

YULE MAMA: Hamjambo? Hapa ndipo kwa fundi cherehani?

BIRIKA: Ndipo, mama. Yuko nyuma kidogo, moto umemshika. Kaa, anakuja. Gia Tano, sogea kidogo.

Nilisogea. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya kwenye tundu. Sikumwambia, mgeni hukaribishwa kwa kile kilichopo. Birika akamtilia kahawa, mama akakikumbatia kikombe kwa vidole vyote, akautazama mfuko msumarini.

YULE MAMA: Huu ni uyoga?

WEMBE: Ni uyoga, mama, na ni wangu.

UNGA: Usimsikilize. Mama, niangalie mimi, halafu uangalie ule.

Mama akamwangalia Unga, akauangalia mfuko, akanywa kahawa. Akaonekana mtu asiyependa kuingilia mambo ya familia za watu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi, maana tulikuwa na hadhira. Unga akasema zilikuwa pumba za mpunga, ndiyo, lakini alichanganya na za mahindi, na akafagia sakafu ya mashine akaongeza na yale aliyoyafagia, kwa sababu sakafuni ndipo vinapokutana vyakula vyote vya mtaa huu na huo mfuko umekula kila nyumba. Birika akasema machicha yake hayakuwa ya kahawa tupu, yalikuwa na tangawizi, na tangawizi ndiyo iliyofukuza ukungu. Wembe akasema ukitazama vishada kutoka ubavuni utaona vimepungua pembeni na kujaa juu, na huo ni mtindo anaounyoa yeye, nani amewahi kuuona kwa kinyozi mwingine. Mimi nikasema nikiupita na mkokoteni uyoga unatikisika.

UNGA: Kila kitu kinatikisika ukipita na ule mkokoteni. Mawe yangu ya kusagia yanatikisika.

MIMI: Basi na mawe yako nimeyasaidia.

WEMBE: Wazee wetu walisema...

BIRIKA: Wembe! Wazee usituletee. Mzee aliyepo hapa ni mimi, na sijasema chochote.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Dada Sindano alitoka kinyumenyume akiburuta karai. Uso umeiva kwa moto, jivu kwenye nyusi. Ndani ya karai kulikuwa na mifuko tisa. Harufu ilitangulia, sisi tukarudi nyuma pamoja na benchi.

DADA SINDANO: Mmoja una baba wanne. Sawa. Haya, na hii tisa ni ya nani?

Hapo kwaya ilipotea. Mifuko ilikuwa na rangi za kila namna: mingine ya kijani kama kidimbwi, mingine nyeusi, mmoja ulikuwa umevimba kwa joto na kutoa maji ya kahawia. Michache ilikuwa imetoa kitu, uyoga mdogomdogo wenye shingo ndefu kama unaotafuta mlango wa kutokea. Wembe akatazama dari, na nje pale hatuna dari.

DADA SINDANO: Huu umechacha, una harufu ya pombe na sukari. Nani alitia sukari?

MIMI: Huo sio wangu. Wangu una mwendo.

DADA SINDANO: Ndiyo maana umekimbia na kuoza. Na huu ulishindiliwa pumba mpaka ukapata moto wenyewe kwa ndani. Unga?

UNGA: Labda ulikaa karibu na pipa.

DADA SINDANO: Na huu una nini hapa? Hizi nini zinatoka?

WEMBE: Nyuzi. Nyuzi za cherehani yako, dada.

DADA SINDANO: Nyuzi zangu hazina mvi.

Mzee Birika akavua kofia polepole, akajishika kichwa, akamgeukia Wembe.

BIRIKA: Wembe. Nywele zangu uliniambia umezitupa.

WEMBE: Za yule mteja zilinipungukia, mzee.

BIRIKA: Mimi! Kwenye mfuko wa kijani!

WEMBE: Nilikuheshimu, mzee. Sikutaka zipotee.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Dada Sindano hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti, mikono magotini, akatazama ule mfuko mmoja msumarini kana kwamba ndio ungemwambia. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo katika kelele zetu hatukuliona: mikono yake ilikuwa na alama za mvuke, na nyuma yake, kwenye beseni, vumbi jipya lilikuwa limelowa linamsubiri.

DADA SINDANO: Mmeweka kila kitu kwenye kila mfuko. Nitachanganya nini mimi leo? Nikiweka yote kama mlivyoweka, napata mifuko tisa ya kijani. Wifi atakuja atanikuta na moto, beseni na wanaume wanne.

UNGA: Weka pumba kidogo.

BIRIKA: Weka machicha kidogo.

DADA SINDANO: Kidogo gani? Cha nani?

Mama mgeni akakiweka kikombe chake chini. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa amekaa kwenye tundu muda wote ule bila kulalamika, jambo ambalo kwenye benchi letu halijawahi kutokea.

YULE MAMA: Samahanini, mimi uyoga siujui. Ila nina swali.

BIRIKA: Uliza mama, hapa hapashindikani swali.

YULE MAMA: Ule mfuko ambao hamkuuwekea kitu, ulitoaje?

Pikipiki ilipita. Unga akaanza kujipangusa unga, kazi ambayo hajawahi kuianza tangu ajiriwe. Dada Sindano akainua kichwa, akatutazama mmoja mmoja.

DADA SINDANO: Ulikuwepo. Nilisema siku ile. Mmoja nilisema uachwe vumbi tupu, msiutie chochote, ili nione ile mingine imezidi nini. Niliuweka pembeni ya mlango. Nikawaambia huu msiuguse.

WEMBE: Ule wa pembeni ya mlango?

DADA SINDANO: Huohuo.

Wembe akamtazama Unga. Unga akamtazama Mzee. Mzee akalitazama birika.

UNGA: Ulikuwa peke yake, dada. Mingine yote imepewa, ule haujapewa. Mkono mmoja tu nilitia. Niliuonea huruma.

BIRIKA: Nami nikadhani umesahauliwa. Kiganja kimoja. Siwezi kuona kitu kinanyimwa nikapita.

WEMBE: Mimi nilitia chache sana. Za juu ya sikio tu.

Wote wakanigeukia.

MIMI: Kwani mimi niliwaambia nimeuonea huruma? Niliona unakaa pembeni ya mlango, nikajua unasubiri usafiri. Nikaupa gia.

Dada Sindano alifungua mdomo, na nadhani kama angeipata pumzi mtaa mzima ungejua majina yetu halisi. Lakini mama mgeni alimwahi. Alikuwa anacheka, si kwa sauti, mabega tu.

YULE MAMA: Basi wifi, una kazi kubwa kweli.

DADA SINDANO: Nani... Wifi! Yesu wangu. Umefika saa ngapi? Mbona hamkuniita?

BIRIKA: Alisema kwa fundi cherehani. Hakusema wifi.

DADA SINDANO: Na mmemkalisha wapi? Kwenye tundu! Wifi yangu, siku ya harusi ulivaa shela mpaka puani, sasa hawa wangekujuaje. Samahani. Ingia ndani. Au usiingie, kuna harufu. Chumba ningekionyesha kizuri, ila leo...

WIFI: Chumba nitakiona. Kwanza nijibu. Kaka yako ameniambia nikuulize kama unajua unachofanya. Unajua?

Nikiri kwamba mimi ningejibu ndiyo. Ningejibu ndiyo kabla swali halijaisha. Unga aliniambia baadaye na yeye angejibu ndiyo. Dada Sindano alifuta jivu kwenye nyusi kwa mgongo wa mkono, likasambaa zaidi.

DADA SINDANO: Bado, wifi. Huu mmoja umenitolea na sijui kwa nini. Ningekuwa na ule mtupu ningejua. Nilitaka kujua. Ndio ukweli.

Wifi akausogelea mfuko msumarini. Akaukata kishada kimoja kidogo kwa vidole, akakinusa, akakitia kwenye pochi pamoja na simu na leso.

WIFI: Mimi nikipika mchuzi mpya naonja kabla ya chumvi. Nikishatia chumvi ndipo nionje, nitajuaje chumvi imefanya nini? Hilo ndilo nililouliza, sikuwa na elimu nyingine. Beseni liko wapi?

DADA SINDANO: Wifi, utachafuka.

WIFI: Kwani nimekuja kukaguliwa mimi?

Akafunga kitenge juu ya magoti, wakaliburuta beseni hadi mlangoni, akachuchumaa hapo na Dada Sindano. Sisi tukasimama kusaidia. Dada akasema kaeni. Tukakaa. Sijui kama mmewahi kukaa bila kazi mkiangalia watu wawili wanafanya kazi mnayoiweza. Inawasha. Wifi alijaza mfuko wa kwanza vumbi tupu, likagongwagongwa chini likatulia, akaufunga. Kitambaa cha bluu akakikataa, akachana ukanda mwembamba kwenye pindo la leso yake nyekundu, akaufunga kwa huo. Iliyofuata walitia pumba, zikapimwa kwa kifuniko cha chupa ya maji, vifuniko vilevile kila mfuko. Unga alinyoosha shingo kuhesabu, Dada akamgeuzia mgongo.

UNGA: Kifuniko ni kidogo sana, dada.

DADA SINDANO: Ndiyo.

WEMBE: Na ile mingine? Tutajaribu na...

DADA SINDANO: Hapana.

Mfuko wa kitambaa chekundu ukawekwa pembeni ya mlango, palepale, kusubiri pipa lichemke sawasawa.

DADA SINDANO: Kaka utamwambia nini?

WIFI: Nitamwambia chumba kina mtu na kina kazi. Matofali yake ayafyatulie nyuma ya nyumba yetu, kelele azisikie mwenyewe. Ila nitarudi, wifi. Huo mwekundu ukishajibu, mingine tutaijua. Na ukijibu vibaya vilevile nataka kuuona. Usiufiche.

DADA SINDANO: Sitauficha.

Wakaingia ndani kukiona chumba. Tukabaki sisi, benchi, msumari wenye mfuko wa baba wanne, na ule mwekundu mlangoni, mtupu, umekaa wima, hauna kitu cha mtu. Nitasema yalivyokuwa: kulikuwa na nusu kopo mkononi mwangu. Nilikuwa nalinywa tu. Nililinywa lote mpaka mwisho, haraka, likanikaba. Wembe alitumbukiza mikono mifukoni mwa koti lake la kazi, akaibana huko. Unga alirudi mashineni kwake, na kwa mara ya kwanza katika historia aliufunga mlango nyuma yake.

MIMI: Mzee, niongezee.

Birika alilitikisa birika, akalipindua. Lilitoka tone moja, likafuatiwa na kitu kizito. Kahawa ilikuwa imekwisha. Akajimiminia yale machicha kiganjani, ya moto bado, yenye tangawizi yake, na miguu yake ikaanza kutembea. Nina hakika hakuiagiza. Ilikwenda yenyewe, hatua za mtu anayepeleka chakula kwa jirani mgonjwa, mpaka pembeni ya mlango. Akainama juu ya kitambaa chekundu.

DADA SINDANO: Mzee.

Alikuwa dirishani. Hakupaza sauti. Birika akabaki ameinama, kiganja kimejaa, mvuke unatoka kati ya vidole. Akatazama mtaroni, mbali. Akatutazama sisi, tukatazama kwingine. Kisha akajinyoosha polepole, akafungua mfuko wa koti lake mwenyewe, akayamimina humo.